Mpangaji Ndani ya Kompyuta ya Shule

Kidole cha Ngoy kilikuwa kimeshakaa juu ya kipanya, bado kubonyeza tu. Mke wangu Générose akaruka kutoka kitini, akaushika waya wa diski na kuung'oa kwa nguvu, kidogo tu aiangushe na meza yenyewe.

"Papa Ngoy, unataka kuniua?"

Ngoy ni fundi wa kompyuta, ana kibanda karibu na soko, wala si mtu mbaya. Kwenye kioo cha mashine yake palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba diski ile lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, je, unakubali? Kwa Ngoy, mashine ikiuliza kwa adabu namna ile, mtu anajibu ndiyo. Nakiri kwamba hata mimi ningejibu ndiyo. Nilifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, na habari za kufomati hazikuwahi kupita kituoni kwangu. Générose alijua. Kufomati ni kufuta vyote.

"Mama, hii disque iko mutupu," Ngoy alimwambia. "Ordinatere haione kitu mule ndani." Kwetu ordinatere ndiyo kompyuta.

"Haiko mutupu. Njo ordinatere yako haijue kuisoma."

Akaifunga diski ndani ya kitenge, akaikumbatia kifuani, tukatoka. Njia nzima alitembea mbele yangu, mbiombio. Mke wangu akiniacha nyuma kutoka sokoni mpaka nyumbani kwetu mtaa wa Kitali, hapa Kalemie, ujue mambo yameharibika kweli.

Lazima nieleze yalivyoanza, ingawa nikiyakumbuka bado napandwa na hasira. Générose ni karani wa parokia yetu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Alifundishwa kupiga chapa na masista, kwa mashine zile nzito za zamani, na walimfundisha kwa kumfunika mikono kwa kitambaa. Mpaka leo anapiga bila kutazama vidole, bila kutazama kioo, macho yote kwenye karatasi. Ukimsemesha anakujibu na huku anaendelea kuandika. Ni fahari yake, na sitaki kusema uongo, ni fahari yangu pia.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, maji yalifika hadi ndani ya biro, yaani ofisi, ya parokia. Vitabu vya ubatizo vilikuwa vimepangwa chini kabisa ya kabati, mahali ambapo mtu mwenye akili hapangi kitu katika mji ulio kando ya ziwa. Nililisema hilo miaka kumi kabla, nikaambiwa nirudi kwenye treni zangu. Vitabu vikavimba, kurasa zikagandamana. Nakala za pili zilikuwa zimepotea tangu miaka ya vita. Basi Générose akazibandua kurasa moja moja, akazianika, na kwa miezi kumi na minne akazinakili ndani ya kompyuta ya parokia. Jina, tarehe, baba, mama, msimamizi, kijiji. Majina elfu tisa mia nne na kumi na mawili.

Na mimi nilifanya nini miezi ile? Nilinung'unika. Chakula kilichelewa, nikanung'unika. Alirudi nyumbani na harufu ya ukungu kwenye nguo, nikanung'unika. Sikumuuliza hata siku moja ameandika nini.

Alipomaliza, karatasi zilikuwa zinameguka mkononi. Kitu cha kanisa hakitupwi jalalani. Kinachomwa kwa heshima. Padri akasoma sala nyuma ya sakristia, kwaya ikaimba wimbo mmoja, na Générose mwenyewe akawasha kiberiti. Majina yote yakabaki mahali pamoja tu, ndani ya mashine ile. Hakuweka nakala hata kwenye flashi, maana flashi za mji huu zinapita kutoka mkono hadi mkono na zimejaa virusi, na yeye alikuwa ameapa kwamba hakuna flashi itakayoingia kwenye mashine yake. Mlango aliufunga vizuri sana, akasahau kwamba radi haipiti mlangoni.

Radi ilipiga mwezi wa kumi na moja. Kompyuta ikaungua, ikatoa moshi. Diski peke yake ndiyo ilipona, ile tuliyoipeleka kwa Ngoy. Ukiichomeka, unaisikia ikizunguka.

Wiki hiyohiyo binti mmoja, Christelle, akaja kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa yake. Padri alikuwa mpole. Alimwita Générose pembeni, nami nilikuwepo.

"Kwa Christelle tutaita mashahidi, waape, inatosha," alisema. "Lakini wale wengine elfu tisa, Mama? Wengi hata mashahidi wao wamekufa. Nitangoja mpaka siku ya Mungu ya tatu ya Majilio. Kisha itanipasa niwaambie waamini ukweli, ya kama majina yao hayako tena."

Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Jumapili iliyofuata Générose alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, yeye ambaye miaka yote amekaa mbele. Niliona anavyowatazama watu migongo. Aliniambia tukiwa njiani, "Papa Patrick, nimewachoma wote. Kwa mukono wangu." Patrick ni mtoto wetu wa kwanza; yuko Lubumbashi.

Aliyewasha taa alikuwa Frère Apollinaire. Huyu mtawa ndiye aliyeitengeneza kompyuta ya parokia zamani, na sasa ni mzee, anaishi upande wa Kiambi, ambako mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu. Kila siku saa sita mchana anakipanda na fimbo yake, anasikiliza ujumbe wa sauti, anajibu, anashuka. Kwa hiyo ukimuuliza leo, jibu ni kesho.

"Générose, usilie," sauti yake ilisema, huku upepo ukivuma kwenye simu. "Disque haijakufa. Mule nilitia Linux kwa fasi ya Windows, juu ya kukimbia virusi. Windows haisome ile mwandiko. Tafuta ordinatere ingine, utie Linux, utaona vitu vyako vyote."

Kompyuta nyingine ilikuwepo moja tu, ya mezani, ya shule ya parokia. Mkurugenzi alikubali kutuazima kwa wiki mbili, akaileta mwenyewe mpaka sebuleni kwetu, lakini ndani yake zilikuwa pointi za mitihani za wanafunzi wote, za mwaka mzima. Windows isiguswe, kisifutwe kitu. Générose akauliza kilimani. Kesho yake jibu likaja: basi tutengeneze mashine ndani ya mashine.

Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Unaniambia kuko ordinatere ndani ya ordinatere?"

"Ndiyo."

"Na ile ya ndani iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko, na itatumika?"

"Papa Patrick, sikiliza. Ni sawa na mupangaji ndani ya parsele. Muko nyumba yako, na kule nyuma muko chumba kimoja, unapangisha. Mupangaji iko na mulango wake, iko na funguo yake, anapika vyake. Anakula ku moto wako na maji yako, lakini kama anaunguza sufuria, ni yake. Nyumba yako haiguswe. Windows njo mwenye parsele. Linux atakuwa mupangaji."

Niliwahi kuwa na wapangaji. Nikamwambia namwonea huruma Windows.

Linux yenyewe ilikuwa faili kubwa mno kwa mtandao wetu. Mtawa mmoja wa Kigoma, rafiki wa Frère, akaiweka kwenye flashi mpya pamoja na programu ya kutengenezea mashine ile isiyokuwepo, na Mama Mamie, anayevuka ziwa kila wiki kununua bidhaa, akatuletea. Aliifunga kwenye plastiki mara tatu na kuizika ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kazi ya kwanza ya Générose katika sayansi ikawa kuipuliza flashi maziwa.

Ilikuwa Jumatatu. Jumapili ile ya tatu ilikuwa imebaki siku sita.

Umeme ulipokuja akaanza. Programu ikaingia bila shida. Akaandika jina la mpangaji, akamkatia nusu ya kumbukumbu ya mashine na kipande cha diski cha kuwekea vitu vyake, akabonyeza awashe. Likatoka sanduku jekundu lenye maneno ya Kiingereza, na mpangaji akakataa kuhamia. Générose akalipiga picha, akaituma kilimani, na siku ikaisha hivyohivyo.

Jumanne saa sita na nusu Frère akajibu kwamba mwenye nyumba hajapewa ruhusa ya kupangisha. Inabidi kuizima kompyuta kabisa, kuiwasha, na papo hapo kubonyeza kitufe kimoja cha juu mfululizo, mpaka utokee ukurasa wa buluu wa zamani usiotaka kipanya. Mule utafute mstari wa mashine bandia, ugeuze hapana iwe ndiyo. Générose alijaribu mara nne akichelewa. Mara ya tano ukurasa ukatokea, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake nikajikuta napiga makofi.

Jumatano Linux ikaingia. Dirisha lilifunguka katikati ya kioo, na ndani ya dirisha kompyuta nzima ikaanza kuzaliwa, na huku nyuma yake Windows imekaa kimya na pointi zake. Ilimuuliza lugha, akachagua Kifaransa. Ilimuuliza mji, Kalemie haikuijua, ikamtolea Kinshasa na Lubumbashi tu, nikasema serikali na mashine ni mamoja. Ilimuuliza aina ya kibodi, naye akapita bila kugusa, maana kibodi si ile pale mbele yake? Ikamtaka neno la siri. Akaandika zawadi, jina la mjukuu wetu, macho yakiwa kwenye karatasi ya maelekezo kama kawaida yake. Akarudia mara ya pili. Ikakubali.

Jioni ile alikuwa mwepesi. Alifungua ukurasa ajaribu kuandika. Akapiga mama, ikatoka nukta-mkato na q, tena nukta-mkato na q. Tukacheka mpaka machozi. Mpangaji amekuja na kibodi ya Kiingereza kichwani! Akaenda kwenye mipangilio, akambadilisha awe Mfaransa, akapiga mama, ikatoka mama. Akazima akiwa ameridhika kabisa, kwa sababu umeme ulikuwa umeanza kuyumba.

Alhamisi mpangaji akatukataa.

Neno la siri si sahihi, alisema. Générose akaandika zawadi tena. Si sahihi. Akaandika polepole. Si sahihi. Mimi nikajaribu kwa kidole kimoja, nikapata jibu hilohilo. Ujumbe ukaenda kilimani. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane, kimya. Ijumaa pia kimya. Baadaye tulikuja kujua kwamba mvua ilinyesha Kiambi siku mbili bila kukata, na Frère alianguka kwenye utelezi akiwa nusu ya njia, wakamrudisha na goti limevimba.

Ijumaa ile nilimwona Générose jinsi ambavyo sijawahi kumwona. Alikaa mbele ya kioo mikono mapajani. Angeweza kuanza upya, kumfukuza mpangaji na kumleta mwingine, lakini umeme ulikuja dakika ishirini ukakata, na kazi ile ilitaka saa mbili. Akaniambia, "Kesho kutwa Padri atasema. Nitakaa wapi?" Nilitoka nje, nikaupiga teke mti wa mpapai ambao haukunikosea chochote.

Jumamosi asubuhi umeme ulikuja mapema. Yeye hakuiwasha mashine. Alichukua karatasi.

"Papa Patrick, siku ile tulicheka, niliandika mama, ikatoka nini?"

"Vitu vya bure. Q na ile nukta yenye mukia."

"Vidole vyangu vilipita fasi gani?"

"Fasi ya siku zote. Vidole vyako havikosee."

"Basi." Akainua uso. "Vidole havikubadilika. Njo mashine ilibadilika. Na modipasi, lile neno la siri, niliiandika mbele ya kuibadilisha."

Hili nililielewa kuliko yeye. Kwenye reli, treni imepita, halafu mtu akageuza njia nyuma yake. Treni ya pili inafuata njia ileile, dereva yuleyule, na inaishia porini. Nikamwambia hivyo. Akasema nisiongee, anahesabu.

Kibodi zetu ni za Kifaransa. Ile ya Kiingereza imepanga herufi kadhaa vingine: penye A yetu wao wana Q, penye Z yetu wao wana W, na kinyume chake. Vidole vyake viliandika zawadi, macho kwenye karatasi, na kioo kilionyesha vitone tu. Mpangaji, aliyekuwa bado Mwingereza siku ile, akasikia kitu kingine kabisa na kukihifadhi. Générose akaandika herufi moja moja kwenye karatasi. W, Q, Z, Q, D, I. Alilitazama lile neno.

"Hata muzungu hawezi kulitaja," nikasema.

Akaiwasha mashine. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu pamoja nikamwona Générose akiandika huku anatazama vidole, kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi sita. Akabonyeza.

Mpangaji akafungua mlango.

Hatukushangilia, tulikuwa tunaogopa bado. Akaichomeka diski. Papo hapo Windows ikauliza swali lake la adabu, lazima ifomatiwe, unakubali? Générose akaijibu hapana kwa sauti, halafu akabonyeza hapana. Juu ya dirisha la Linux palikuwa na orodha ya vifaa. Akaitafuta diski, akaiwekea alama ya kuikabidhi kwa mpangaji. Windows ikatoa mlio wa kitu kilichoondolewa. Tukangoja. Nilisikia diski ikizunguka. Kisha pembeni mwa dirisha ikatokea picha ndogo ya diski, na chini yake jina alilolitoa Frère miaka ile, PAROKIA.

"Fungua weye," akaniambia. "Miye siwezi."

"Miye nitabomoa kitu."

Akafungua mwenyewe. Folda ya barua, folda ya kwaya, folda ya ubatizo. Ndani yake vitabu vyote, mwaka kwa mwaka. Akafungua kimoja na majina yakashuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, hayana mwisho.

"Yako mule," akasema. "Papa Patrick, yako mule yote."

Nikakaa juu ya ndoo. Yeye alilia kwa sauti, mikono kichwani, mpaka jirani akaja akidhani tumepata msiba, na Générose akamkumbatia huku anacheka na kamasi zinamtoka. Sijui furaha ipi inazidi ile ya kuondolewa mzigo. Nilihisi hata hewa ya sebuleni imekuwa nyingi.

Alifanya nakala tatu kabla ya kunywa hata maji, kwenye flashi tatu mpya, moja ya Padri, moja ya shule, moja ya kuvushwa Kigoma na Mama Mamie ndani ya kopo lake. Tukampigia Padri simu, akafika kwa pikipiki na printa, mashine ya kuchapa, imefungwa nyuma yake kwa kamba. Alipoona majina alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasema, "Kesho utaketi mbele, Mama. Nitakutafuta kwa macho." Cheti cha Christelle kilitoka cha kwanza. Padri akakipeleka mwenyewe, akatuachia mashine ya kuchapa, maana Générose alisema safari hii majina yatakaa kwenye karatasi pia, na juu ya kabati.

Nilikuwa naokota kurasa zinavyotoka, napanga. Ndipo akaniita.

"Papa Patrick, kuja uone."

Alikuwa amefungua kitabu cha mwaka wa hamsini na nane, mwaka niliozaliwa. Niliinama. Adalbert, ndiye mimi, alibatizwa kijijini Zongwe, siku ya nne baada ya kuzaliwa. Jina la baba yangu. Na chini yake, kwenye mstari wa mama, Evodie Mulolwa.

Naomba unielewe. Mama yangu alikufa kabla sijajua kutembea. Watu wa kwetu walimwita kwa jina langu mimi, Mama Adalbert, na shangazi aliyenilea alimwita "mwenzangu" tu. Nilipopata umri wa kuuliza niliona aibu, na nilipoacha kuona aibu wote waliomjua walikuwa wamekufa. Karatasi zangu zote za reli, palipotakiwa jina la mama, niliandika la shangazi.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza mke wangu.

"Weye njo muntu wa kwanza niliandika. Ule ukurasa ulikuwa karibu kupasuka, nikasema nianzie hapo. Nilingoja uniulize kazi yangu iko namna gani, nikuambie." Hakusema kwa kunilaumu. "Haukuuliza. Nikasema iko mule, siku moja ataona. Halafu radi ikapiga."

Nikamwomba aniandikie jina lile kwa mkono, herufi kubwa, maana nilikuwa sioni vizuri. Akaniandikia. Nina miaka sitini na saba, na asubuhi ile, nimesimama sebuleni kwangu mbele ya kompyuta ya shule, ndipo nilipomwita mama yangu kwa jina lake kwa mara ya kwanza.